Mabanio Matano ya Bibi Agata

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nguzo. Ninyi vijana siku hizi mkianza kazi mnapewa meza na kiti, tena mnanung'unika kwamba kiti hakizunguki. Mimi nilipewa nguzo ya mti mgumu, imepakwa mistari myekundu na myeupe, imesimikwa kwenye kivuko cha mto Morogoro, upande wa chini wa mji. Aliyenikabidhi ni Mdachi mmoja mrefu, mwenye ndevu za rangi ya mahindi, ambaye sisi sote tulimwita Bwana Maji kwa kuwa ndiye aliyesimamia mito, mifereji na madaraja yote ya boma.

"Karani Ramadhani," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "kila asubuhi wewe soma maji yamefika mstari gani. Andika katika daftari. Ukiandika uongo, nguzo itakuumbua."

"Nitaandika kweli, bwana."

"Wote wanasema hivyo," akajibu, akaondoka zake.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, na wengi wenu hata hamjui kwamba ilikuwapo. Nilikuwa karani wa mto. Reli ilikuwa haijafika Morogoro wakati huo. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya serikali, najua kusoma na kuandika, nina kanzu mbili na kiburi cha watu wanne. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara kutoka Bagamoyo. Nilizaliwa mjini, nikaoa mjini, na milima ya Uluguru niliijua kwa kuitazama tu.

Sasa niwaeleze hatari ilikuwa wapi. Mto Morogoro unatoka milimani, na huko juu unapokea vijito vingi. Waluguru walikuwa wakilima mboga, mahindi na ndizi kwenye miteremko, na ili wamwagilie walijenga mabanio. Banio ni ukuta wa kuziba kijito: magogo, matawi, mawe na udongo, maji yanapanda nyuma yake mpaka yanaingia mferejini na kwenda shambani. Wakati wa kiangazi banio ni baraka tupu. Masika yakija, kama banio halijafunguliwa, maji yanajaa nyuma yake mpaka ukuta unashindwa. Na kijito kimoja kilikuwa na mabanio matano, moja juu ya jingine kama ngazi. Likipasuka la juu, linabomoa la pili, yanakwenda pamoja kubomoa la tatu, na mzigo wote huo wa maji, magogo na mawe unashuka kwenye mtaa wa chini, penye nyumba za udongo na makuti. Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka mtoni.

Baada ya miezi michache Bwana Maji alinipeleka huko juu kuandikisha mabanio hayo. Tulipanda pamoja, mimi nikihema kama mbuzi wa mnada. Tulipokaa kupumzika akanieleza kwamba huko kwao kuna mnyama, ukubwa wake kama mbwa, mkia wake bapa kama mwiko, ambaye huangusha miti kwa meno na kujenga banio mtoni yeye na mkewe, bila kufundishwa na mtu. Nilisema, "Ndiyo, bwana." Moyoni nikasema, lo, Mzungu huyu jua limempata.

Kwenye kijito tulimkuta mzee Paulo akikanda udongo wa kuziba tundu za kaa. Kaa wa mto wadogo vile ndio waharibifu wakubwa wa banio, wanatoboa usiku na mchana. Kando yake alisimama mkewe, Bibi Agata, mama mfupi, mkavu, rozari shingoni na mundu mkononi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Bwana Maji alinionyesha mahali pa kuandika. Daftari lilikuwa na safu tatu: namba ya banio, urefu wake, na mwenyewe.

"Uliza mwenyewe nani," akaniambia.

Kuuliza kwenyewe sikuuliza. Nilimtazama mzee Paulo, nikaona mwanamume, mwenye nyumba, mikono yote ina tope la banio. Nikaandika: Paulo. Yeye akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akamtazama mkewe, akaufunga. Bibi Agata akasogea.

"Umeandika nini hapo?"

"Jina la mzee, bibi. Kwamba banio ni lake."

"Ahaa," akasema. "Haya. Karatasi ni yenu."

Tulizunguka kwenye mabanio mengine manne, ya juu na ya chini, na kila banio nikaandika jina la baba mwenye nyumba iliyokuwa karibu. Nilimaliza kabla ya adhuhuri, nikasifiwa. Bwana Maji akatangaza mbele ya watu kwamba kuanzia siku hiyo asiguse mtu banio ila yule aliyeandikwa, na asiyeandikwa akiligusa atapigwa viboko. Alikuwa na sababu yake, maana watu walikuwa wakiibiana maji na kila mmoja akimsukumia mwenzake. Alitaka awe na mtu wa kumuuliza.

Wakati wa kushuka nilimsimulia Bibi Agata habari za yule mnyama wa Ulaya, ili nimchekeshe. Hakucheka. Aliniuliza, "Na hilo banio lake ni la upande wa mke au la upande wa mume?"

Nilicheka mimi peke yangu. Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Ilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya kwanza maji yalikuwa mstari wa nne, siku ya pili wa sita, siku ya tatu asubuhi yakashika wa nane, na nguzo nzima ilikuwa na mistari kumi tu. Jambo lililonitisha ni kwamba mto ulikuwa haujapanda kama mvua ilivyokuwa. Mvua nyingi, maji kidogo. Mtu yeyote wa mto anajua maana yake: maji yamezuiliwa mahali, na yatakuja yote kwa pamoja.

Nilikimbia bomani. Bwana Maji alikuwa amekwisha kupata habari.

"Mabanio hayajafunguliwa hata moja," akasema. Uso ulikuwa mwekundu. "Jana nilituma amri kwa wote watano. Wamekataa! Akida amepanda alfajiri na askari. Atawacharaza mpaka wafungue."

"Wamekataa kwa nini, bwana?"

"Wanasema si yao! Wewe umeandika ni yao, na wao wanasema si yao!"

Nilimwomba ruhusa ya kupita nyumbani kwanza, kisha nipande. Mke wangu Zainabu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, ana siku kumi na mbili, yuko ndani ya arobaini yake. Nilitaka awachukue mama yangu na mtoto waende kwa jamaa juu ya mji.

Nilimkuta anamnyonyesha. Nikamweleza kwa pumzi moja, mto, mabanio, wanaume watano wakaidi wasiotaka kufungua mali yao wenyewe. Zainabu akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyevaa kanzu kinyume.

"Uliandika wanaume?"

"Niandike nani tena?"

"Ramadhani, mimi nani?"

"Mke wangu."

"Mimi Mluguru. Umekaa na mimi miaka miwili hujaniuliza shamba la ndizi tunazokula ni la nani?" Akamhamishia mtoto bega la pili. "Sisi ardhi ni ya ukoo wa mama. Ni ya lukolo. Maji yanayopita juu ya ardhi hiyo ni ya lukolo, na banio hali kadhalika, na kijito kile chote ni cha ukoo wa Bibi Agata, mkubwa wao ndiye yeye. Mwanamume akioa kule ni mkwe. Analima, anajenga, anaziba tundu za kaa, lakini hawezi kung'oa hata kijiti kimoja cha banio mpaka wenyewe waseme. Akifanya hivyo amewatukana wakwe zake, wanamfukuza na nguo zake."

"Na wenyewe mbona hawasemi?"

"Wasemeje, na ninyi mmetangaza asiyeandikwa akigusa anachapwa?"

Nilikaa chini. Wallahi nilikaa chini sakafuni kama mtoto. Mvua zote zilizopita, Bibi Agata alitazama mawingu, akasema neno, na mabanio yakafunguliwa, wala boma halikujua. Sasa mwenye banio alifungwa mikono na daftari langu, na asiye na banio alifungwa mikono na mila. Katikati yao maji yalikuwa yakipanda, na chini ya maji hayo alikuwa mwanangu wa siku kumi na mbili.

"Usikae," Zainabu akasema. "Nenda kamwombe radhi yule mama. Mimi nitamtoa mama yako, ingawa unajua alivyo."

Nilijua alivyo. Mama yangu aliwahi kuapa kwamba nyumba ile ataiacha kwa jeneza tu.

Nilipanda mlima ule, daftari limefungwa kwa ngozi kifuani, nikiteleza, nikiinuka, kanzu imekuwa tope tupu. Njiani nilipita banio la kwanza, la chini kabisa. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, yanamwagikia juu ya ukuta kama maziwa yanayochemka. La pili vilevile.

Kwenye banio la tatu nilimkuta Akida chini ya mwavuli, mtu wa pwani mnene mwenye sauti kubwa, na askari wawili wamemshika mzee Paulo. Walikuwa wamemvua shati. Kiboko kilikuwa mkononi tayari.

"Karani!" Akida akapaza sauti. "Umekuja wakati mzuri. Msomee huyu jina lake!"

"Mimi ni mkwe tu hapa," mzee Paulo akasema. Hakupiga kelele, alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Nipige, lakini mimi ni mkwe tu hapa."

"Unasikia ujinga huo? Miaka thelathini anakaa hapa!"

"Bwana Akida, muache," nikasema. "Anasema kweli. Kosa ni langu."

Bibi Agata alikuwa amekaa juu ya jiwe ng'ambo ya kijito, kajifunika jani la mgomba. Nyuma yake walikaa watu wa ukoo wake, wake kwa waume, kimya, majembe na mapanga miguuni. Walikuwa wamekuja tayari kwa kazi, wakakaa. Nilivuka maji yakinifika kiunoni, nikamwinamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nimekuja kukuomba ufungue mabanio. Mtaa wa chini utakwisha. Mke wangu yuko kule na mtoto mchanga."

"Pole, mwanangu. Muombe mwenyewe. Si umemwandika?"

"Bibi, nilikosea."

"Kukosea hukukosea. Hukuuliza." Hakuwa na ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Nilikuwa nimesimama hapa. Mundu huu hapa mkononi. Ulinipita kwa macho kama kisiki."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi nimekusamehe siku ile ile. Lakini watu wangu wakigusa banio, huyu mwenye mwavuli atawapiga kwa maandishi yako. Maandishi yako yanasemaje?"

Nikafungua daftari. Ninyi hamuwezi kujua daftari la boma lilikuwa kitu gani. Karani aliyefuta neno la boma bila ruhusa alivuliwa kazi, na kabla ya kuvuliwa alilazwa kifudifudi akahesabiwa viboko. Akida aliona ninachotaka kufanya.

"Ramadhani! Hiyo ni mali ya serikali!"

Nilitoa kalamu ya risasi. Nikakata jina la Paulo. Nikakata la pili, la tatu, la nne, la tano. Mvua ilikuwa inadondoka juu ya karatasi, nikaandika mara tano, kila mstari: Agata, kwa niaba ya ukoo wake. Kisha nikamsomea kwa sauti, Akida naye asikie.

"Sasa, Bwana Akida," nikasema, "wenye kuandikwa ndio hawa. Ukiwazuia, wewe ndiye unayevunja amri."

Akida alinitumbulia macho. Nadhani naye alikuwa na nyumba mtaa wa chini, kwa mke mdogo, maana hakubisha tena. Akawaambia askari wamrudishie mzee Paulo shati lake.

Bibi Agata akasimama. Alisema neno moja kwa Kiluguru, na watu wote wakainuka kwa pamoja kama waliochomwa na siafu.

Hapo nilijifunza kazi yangu, baada ya kuifanya karibu mwaka mzima. Nilidhani tutaanza na banio la juu, ndilo lililokuwa linatisha. Nikaanza kupanda. Bibi Agata akanishika kanzu.

"Wapi?"

"Juu, bibi."

"Ukifungua la juu, la chini litapokea nini, na lenyewe limejaa? Tunaanza chini."

Na kila banio lilikuwa na mdomo. Ukuta wote ni magogo na mawe, lakini mahali pamoja pameachwa upana wa mikono miwili, pamezibwa kwa vigogo vya migomba tu, vimefungwa kamba. Mgomba ni laini, unang'oka bila kuvunja ukuta. Walisimama kingo zote mbili, wakavuta kigogo kimoja, wakangoja. Maji yakatoka kwa kipimo, yakaenda zake. Wakavuta cha pili. Banio la kwanza liliposhuka ndipo wakafungua la pili, nalo likamimina kwenye nafasi iliyokuwa imeachwa na la kwanza. Hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi. Mzee Paulo alivuta kamba kwa nguvu kuliko vijana wote. Sasa alikuwa ameruhusiwa.

La tano lilikuwa limeanza kulia. Banio linalotaka kupasuka hulia, magogo yanasagana. Walilifungua wakiwa wamefungana kamba viunoni, na mdomo ulipofunguka maji yaliruka kwa kishindo nikafumba macho. Nilipofumbua, ukuta ulikuwa umesimama. Bibi Agata akafanya ishara ya msalaba, mimi nikasema alhamdulillahi, na sote wawili tukacheka.

Nilishuka nikikimbia. Sikwenda kwenye nguzo, Mungu anisamehe, nilikwenda nyumbani. Mlangoni nilimkuta Zainabu amekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, na ndani mama yangu akilalamika kuhusu kuku. Bila shaka alikuwa amekataa kuondoka, na mke wa mwanawe hakukubali kumwacha. Tope lilikuwa limefika kwenye kizingiti, limeacha alama upana wa vidole viwili, likarudi.

"Maji yalikuja, yakabisha hodi," Zainabu akasema. "Hatukuyakaribisha."

Nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya majirani, na wala sikuona haya. Mama yangu akatoka akauliza nani amekufa. Alipoambiwa hakufa mtu akasema basi niende nikamtafutie kuku wake.

Kesho yake niliitwa bomani. Bwana Maji alilifungua daftari juu ya meza, akapitisha kidole kwenye yale majina yaliyokatwa.

"Kwenye nguzo maji yalifika mstari gani?"

"Wa tisa, bwana, kwa alama ya tope niliyoikuta leo asubuhi. Yakashuka."

"Hapa kuna jina moja mara tano. La mwanamke."

"Ndiyo, bwana."

"Na mume?"

"Mume ni mkwe, bwana." Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa na Zainabu, na jinsi mabanio yanavyofunguliwa kutoka chini. Alisikiliza kidole kikiwa palepale. Mwishowe akachovya kalamu katika wino, nikajua anaandika hukumu yangu. Akayapitia yale majina matano ya kalamu ya risasi, moja baada ya jingine, akayaandika juu yake kwa wino.

"Kesho panda tena," akasema. "Vijito vyote vingine. Na safari hii, uliza."

Sijawahi kutoka ofisini mwa mtu nikiwa mwepesi namna ile.

Basi nikauliza, miaka yote iliyofuata. Nilihamishiwa Mkuyuni, chini ya msimamizi mwingine, Mdachi aliyependa kulala mchana, nikaandika mabanio ya upande ule karibu yote kwa majina ya ukoo. Reli ilipofika nilipelekwa Kingolwira, chini ya Bwana Reli, kuangalia madaraja madogo yasizibwe na magogo ya mafuriko. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakakuta nguzo zangu na mimi pembeni yake, wakatuacha tuendelee. Walinistaafisha macho yalipoanza kuona mistari miwili mahali penye mmoja.

Sasa tunakaa juu ya Mkuyuni, mimi na Zainabu. Nyumba nilijenga kwa mikono yangu, migomba nilipanda mwenyewe, na banio letu dogo naziba tundu za kaa kila wiki. Yule mtoto wa siku kumi na mbili ni bibi mwenye wajukuu. Masika yakija silali vizuri, kazi ni mazoea, lakini nikisikia maji yanapita mdomoni mwa banio polepole, nageuka upande wa pili.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja wa serikali, nadhifu, viatu vinang'aa, ana daftari jipya. Anaandikisha mashamba na mifereji. Alinikuta mtoni, tope mpaka viwikoni. Zainabu alikuwa amesimama kando na mundu wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aliangalia banio, akaangalia mikono yangu, akainamisha kalamu. Sikumngoja.

"Usiandike," nikamwambia. "Mimi ni mkwe tu hapa. Muulize huyu mama."